Vifungo, waya au gundi? Mapitio ya vifaa vya kushikizia blanketi la kauri ndani ya joko la raku

Ukienda dukani kuulizia blanketi la kauri, yaani tabaka la nyuzi za kauri la kuhifadhi joto ndani ya joko, muuzaji atakueleza joto, uzito na chapa mpaka utosheke. Namna ya kulishikiza ndani ya joko hataigusa, na hapo ndipo majoko mengi ya kujitengenezea ya raku, ufinyanzi ambao vyombo hutolewa motoni vikiwa vyekundu, hufia. Dari ikianguka baada ya kuchoma mara kumi, blanketi lenyewe huwa bado zima. Kilichokatika ni waya, au kilichobanduka ni gundi. Kwa hiyo tunapima seti nzima hapa: blanketi, vifungo vya udongo, waya, gundi ya silikati na kigumishi cha kupuliza juu ya blanketi. Swali letu kwa kila kifaa ni hili: je, dari itabaki juu pipa likiinuliwa ndani kukiwa na moto wa 1000 °C?

Joko la mfano ni pipa la chuma la lita 200, kipenyo cha ndani sentimita 57, lililokatwa likabaki na kina cha sentimita 65 na kugeuzwa kifudifudi ili kitako chake kiwe dari. Sakafu ni matofali ya moto ambayo hayasogei. Vyombo vikiwa vyekundu na glezi (ngozi yake ya kioo) imeyeyuka, watu wawili huinua pipa lote kwa mikono ya chuma iliyochomelewa ubavuni, wa tatu huchukua vyombo kwa koleo ndefu na kuvitumbukiza kwenye maranda. Ni raku ya Kimarekani, iliyoenea tangu Paul Soldner aanze majaribio yake mwaka 1960. Raku ya Kyoto ya karne ya 16 ina majoko ya namna nyingine na haimo katika mapitio haya.

Mtihani wa blanketi uko kwenye kuinua huko. Pipa hupanda likiwa na moto kamili, hukutana na hewa baridi, hutua kwa kishindo kidogo, kisha huwashwa tena. Siku moja ya kazi inaweza kuwa na mizunguko mitano au sita ya namna hiyo. Joko la umeme lililosimama kona moja ya karakana halijui taabu hii, ndiyo maana ushauri wa majoko ya umeme haufai kuhamishiwa hapa bila kufikiri.

Jambo moja kuhusu pipa kabla ya kuliacha: chukua lililobeba chakula, kama mafuta ya kula au sharubati. Pipa lililokuwa na petroli, tina ya rangi au kemikali linaweza kulipuka ukiligusa kwa msumeno wa umeme hata kama linaonekana tupu, kwa sababu mvuke hubaki kwenye mikunjo ya kitako. Rangi ya ndani ichomwe kwa moto wa kuni nje, mbali na watu, kabla blanketi halijaingia. Blanketi la kauri lililoshonwa kwa sindano halina gundi ya kuungua, basi ukiona moshi mweusi siku ya kwanza, ni rangi ya pipa hiyo.

Blanketi

Roli ya kawaida ina unene wa milimita 25, upana wa sentimita 61 na urefu wa mita 7.32. Uzito hutajwa kwa mita ya ujazo: kilo 64, 96, 128 au 160. La 64 achana nalo. Ni laini kama sufi ya mto, na kifungo hulitoboa. La 160 halikubali kukunjwa kwenye mduara wa pipa, huacha uwazi nyuma yake. Mashindano ya kweli ni kati ya 96 na 128, nasi tunaegemea 128, ambalo roli yake ina kilo 14 hivi. Nyuzi zake zimesongamana zaidi, waya hauzikati upesi, na joto kali hupita kwa shida zaidi. La 96 hukunjika vizuri kwenye matundu na bei yake ni nafuu. Tabaka zikiwa mbili, mwenye mfuko mdogo anaweza kuweka 96 nyuma, kwenye chuma, na 128 mbele, kwenye moto.

Upande wa kemia kuna makundi matatu. Alumina na silika ya kawaida, iliyoandikwa 1260 °C, ndiyo Kaowool, Cerablanket na Fiberfrax zinazojulikana na wafinyanzi wengi. Iliyoongezwa zikonia huandikwa 1425 au 1430 °C. Kundi la tatu ni nyuzi za silikati ya kalsiamu na magnesiamu, kama Superwool Plus, iliyoandikwa 1200 °C. Namba hizo si joto la kazi. Blanketi huwekwa kwenye tanuri saa 24, kisha hupimwa limenywea kiasi gani. Joto ambalo halijanywea zaidi ya asilimia 4 ndilo linaloandikwa kwenye boksi. Kwa Superwool Plus, joto la kufanyia kazi mfululizo ni 1000 °C.

Kwa raku hilo linatosha, maana kilele cha 950 hadi 1000 °C hukaa dakika chache tu. Na kundi hili la tatu lina sababu nzito ya kupendelewa. Vumbi lake huyeyuka mwilini upesi zaidi, wakati nyuzi za alumina na silika zimewekwa na Umoja wa Ulaya katika daraja la 1B la visababishi vya saratani, na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, inazihesabu katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mtu asiye na mpango wa kuchoma vyombo vya mawe (stoneware) kwa 1240 °C kwenye pipa hilohilo hana haja ya kununua la 1260. Na mwenye mpango huo, la 1260 halimtoshi. Aende kwenye zikonia.

Udhaifu wa Superwool Plus ni mahali ambapo ulimi wa moto unapiga moja kwa moja. Pale joto huzidi sana lile la chombo, na blanketi hunywea, hukauka kama mkate wa jana na kupasuka. Tutarudi kwenye tundu la kichomeo.

Afrika Mashariki mtu hulipata blanketi kwa wauzaji wa vifaa vya boila na tanuri za viwandani, na huko tatizo ni kuuziwa kitu kingine. Sufu ya kioo na sufu ya mwamba nazo huja kwa roli, nazo huitwa kihami joto. Sufu ya kioo huwa ya manjano au ya waridi, ya mwamba huwa na rangi ya kijivu cha kijani au kahawia. Kauri ni nyeupe pe. Ukiwa na shaka, omba kipande cha kiganja, kipige kwa moto wa gesi wa fundi bomba nusu dakika. Kioo kitajikunja na kuwa tone. Kauri itawaka nyekundu na, moto ukiondoka, itarudi kuwa nyeupe na laini kama ilivyokuwa.

Gundi: tunaanza na inayoshindwa

Gundi ya silikati ya sodiamu iliyochanganywa na kaolini (udongo mweupe) ni rahisi, hupakwa kwa brashi na kukauka siku moja, na joko huonekana safi bila kifungo hata kimoja. Kwa pipa la kuinuliwa hatuipendekezi kama mshikizo pekee.

Kila aliyewahi kuwa na jiko la makaa lenye udongo ndani anaijua sababu. Udongo ule umeshikizwa kwenye bati kwa saruji na vemikulaiti, na baada ya muda huanza kucheza, kwa kuwa bati hutanuka kuliko udongo. Kwenye pipa hali ni mbaya zaidi. Mzingo wake ni sentimita 180. Ngozi ya chuma ikipanda joto kwa nyuzi 130, huongezeka karibu milimita 3, na wakati uleule blanketi linanywea. Wawili wanavutana, na gundi iliyo katikati imekauka kama kioo. Ongeza mtikiso wa kuinua. Zaidi ya hayo, joko la raku hukaa nje, na silikati ya sodiamu hunywa unyevu wa hewa. Mvua za masika zikipita, kuta hutoa unga mweupe na gundi hulegea.

Kosa lingine ni kuipaka upande wa moto ili kuziba nyufa. Sodiamu huyeyusha silika. Kwa 1000 °C utaona ngozi ngumu inayong'aa inayobanduka kwa vipande. Joto likizidi hapo, blanketi huliwa na kuwa mashimo.

Kazi yake halali ni ndogo: kubandika kiraka, kushika tabaka la nyuma lisiteleze wakati unatoboa, kuziba pembe upande wa baridi. Kwa hilo kopo la nusu lita linatosha na litabaki.

Vifungo

Kifungo ni kisahani cha udongo chenye matundu mawili, kinachokaa upande wa moto na kusambaza mvuto wa waya juu ya eneo pana ili waya usikate nyuzi. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Vya kununua, vyeupe vya alumina au vya kodieraiti, ni vizuri na vimenyooka, lakini bei ya vifungo arobaini inaweza kukaribia bei ya nusu roli. Kwa joto la raku, vya kutengeneza mwenyewe havipungukiwi na kitu, na mfinyanzi asiyeweza kutengeneza kifungo ana matatizo makubwa kuliko joko.

Tumia udongo uleule wa raku, wenye chengachenga za udongo uliochomwa kiasi cha robo hadi theluthi. Umeundwa kustahimili joto la ghafla, na kifungo kinapata joto la ghafla kila pipa linapoinuliwa. Udongo laini wa mezani, uliochomwa mpaka ukaziba, hupasuka katikati ya matundu. Kipenyo kikikauka kiwe sentimita 4.5 hadi 5, unene milimita 8 hadi 10, matundu mawili ya milimita 3 yaliyoachana milimita 12. Toboa kwa milimita 3.5 udongo ukiwa mbichi, maana utanywea. Zungusha kingo kwa kidole ziwe butu; kingo kali hukata blanketi kama kopo la bati.

Kati ya matundu mawili, upande utakaotazama moto, chimba mfereji wa milimita 4 kwenda chini. Waya hulala humo, na baada ya kufunga, mfereji hujazwa rojo ya kaolini na alumina nusu kwa nusu, au mabaki ya blanketi yaliyoloweshwa kwenye kigumishi. Vifungo vingi tulivyoviona havina mfereji huu, na kwa macho havina kasoro. Tofauti huonekana kwenye waya: ulio wazi hupigwa na moto moja kwa moja na hukatika kwenye kona ya tundu, wakati uliofunikwa hudumu maradufu au zaidi. Choma vifungo mara moja kwa 1000 °C, vinatosha.

Viwe vingapi? Ukuta: nguzo 8 zilizoachana sentimita 22, safu 3 kwa kimo, safu ya kati ikihamishwa nusu hatua, hiyo ni 24. Maungio ya tabaka la ndani huongezewa 3. Dari: 4 kwenye duara lenye nusukipenyo cha sentimita 12 kuzunguka tundu la moshi, na 6 kwenye duara la sentimita 19. Ukivisogeza vya nje zaidi ya hapo vitagonga blanketi la ukuta. Jumla 37; tengeneza 45.

Waya

Waya wa kufungia nondo, ule mweusi, huliwa na kutu ya moto na kuwa magamba baada ya kuchoma mara chache. Waya uliopakwa zinki ni mbaya zaidi: zinki huchemka kwa 907 °C, na moshi wake mweupe huleta homa ya mafusho kwa anayeuvuta. Usiutumie kabisa, hata kwa kufunga kwa muda.

Waya wa stenlesi 304 ndio watu wengi huanza nao kwa kuwa unapatikana. Kwa moto wa kupanda na kushuka, kikomo chake ni karibu 870 °C, chini ya joto la raku. Chini ya kifungo chenye mfereji uliozibwa unaweza kudumu, lakini ni wa kubadilishwa kila msimu. Stenlesi 310 ni afadhali sana, tatizo ni kuupata kwa mita chache.

Zinabaki nikromu na Kanthal A-1, na hapa uamuzi si mwepesi. Kanthal, aloi ya chuma, kromiamu na alumini, huvumilia hadi 1400 °C na haijali sana moto wenye upungufu wa hewa. Nikromu ya 80/20, aloi ya nikeli na kromiamu, hukomea 1200 °C, na katika moto wa moshi, ambao raku huupenda, kromiamu yake huliwa kutoka ndani na waya hugeuka kijani na kumeguka. Kwa karatasi Kanthal inashinda. Lakini Kanthal ikishapata joto mara moja hugeuka kavu. Ukiikunja siku ya pili inavunjika kama njiti ya kiberiti. Nikromu hubaki na ulaini, unaweza kuikaza tena.

Uamuzi wetu: Kanthal ya milimita 1 hadi 1.3 kwa dari, ambako joto ni kali na hutaki kurudi tena. Nikromu kwa ukuta, ambako utakaza tena baada ya blanketi kunywea. Anayetaka aina moja tu achukue Kanthal na akubali kwamba kila kona hukunjwa mara moja, ikiwa mpya.

Wapo wanaonyoosha koili za hita au jiko la umeme lililokufa. Inawezekana ikiwa ni nikromu. Sumaku hukuambia: Kanthal huvutwa na sumaku, nikromu haivutwi. Koili iliyotumika inayovutwa na sumaku itupe, itakukatikia mkononi.

Kila kifungo hula sentimita 30 za waya: sentimita 5 za unene mara mbili, upana wa matundu, na mikia ya kusokotwa nje. Vifungo 37 ni mita 11, nunua 15.

Kulivalisha pipa

Dari huingia kwanza. Wengi huanza na ukuta kwa kuwa ni mrefu, kisha husukuma duara la dari kati yake. Matokeo yake kingo za dari hazina kinachozishika isipokuwa vifungo, na hulegea pembeni kama dari ya jipsamu iliyolowa. Ukianza na dari iliyojaa hadi kwenye chuma, ukuta unaokuja baadaye husimama chini ya kingo zake na kuzibeba.

Kata maduara mawili yenye kipenyo cha sentimita 59, yaani mbili zaidi ya pipa. Tumia kisu cha mkate chenye meno juu ya boksi lililofunguliwa. Mkasi huvuta nyuzi. Ukuta wa nyuma ukatwe sentimita 183. Wa ndani, kwa kuwa mduara wake umepungua hadi kipenyo cha sentimita 52, ukatwe 167. Ziada ya sentimita mbili hadi nne imewekwa makusudi: blanketi hunywea asilimia 2 au 3, na maungio yaliyogusana tu yatakuwa na ufa wa sentimita 4 baada ya wiki. Lazima ncha zisukumane. Jumla unatumia mita 4.7, mita mbili na nusu zinazobaki ni za viraka, usizigawe.

Tabaka mbili za milimita 25 ni bora kuliko moja ya 50. Maungio ya tabaka la nyuma yawekwe upande mmoja wa pipa na ya tabaka la ndani upande wa pili kabisa, ili joto lisipate njia ya moja kwa moja. Blanketi la milimita 50 hubonyea vibaya kwenye mduara mdogo na kutoa mikunjo upande wa ndani.

Pipa limekatwa kina cha sentimita 65 kwa hesabu: dari ikichukua 5 zinabaki 60, na roli ina upana wa 61. Ile sentimita moja inayotokeza chini ya ukingo wa chuma hubonyea juu ya matofali na kuziba. Usiikate kwa kupenda unadhifu.

Matundu ya pipa yatobolewe kwa keekee ya milimita 3, kwa kigezo cha bati chenye matundu mawili yaliyoachana sawa na ya kifungo, kabla blanketi halijaingia. Kingo za kila tundu zipigwe tupa, maana waya hukatika pale pia. Kisha, mtu mmoja ndani, mmoja nje. Waya uliokunjwa kama pini ya nywele hupita kwenye kifungo, hutoboa blanketi ukitanguliwa na mshale wa kusukia, hutokea nje, na wa nje husokota mikia miwili kwa plaizi mpaka kifungo kizame kidogo. Kidogo ni milimita 5. Unene wa 50 ukibaki 45 umefika. Ukikaza mpaka kifungo kionekane kama kitovu, umepunguza unene pale, chuma cha nje kitakuwa na doa la moto, na nyuzi zilizobanwa zitakatika zikianza kunywea. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kuliko mengine yote, na hufanywa na watu makini.

Anza na vifungo vya katikati ya dari kwenda nje, na ukuta kutoka upande ulio mkabala na maungio kuelekea kwenye maungio. Mikia ya nje ikunjwe ilale; ikisimama itachana mikono ya wanaoinua.

Tundu la kichomeo na la moshi

Tundu la moshi darini liwe la sentimita 10. La kichomeo liwe kama tao kwenye ukingo wa chini, upana sentimita 12, ili pipa lipande bila kugusa kichomeo kilichosimama chini. Usikate blanketi sawa na chuma. Lichane kwa nyota, kama unavyomenya chungwa, kisha vuta vipande nje vifunike ukingo wa chuma na kuvifunga kwa waya. Chuma kilichoachwa wazi hapo huungua na kupinda msimu wa kwanza.

Kichomeo kielekezwe kwa mshazari ili moto uzunguke, na mahali ulimi unapogonga ukuta kwanza panahitaji kinga: tofali jepesi la moto lililosimamishwa kwenye sakafu, au kiraka cha blanketi la 1425 °C chenye sentimita 20 kwa 20 na vifungo vinne vyake. Tofali ni rahisi zaidi na likichakaa hubadilishwa bila kufungua kitu.

Kigumishi

Ni silika ya koloidi, maji meupe yenye silika ya asilimia 30 hadi 40. Hupulizwa juu ya blanketi lililokwisha kufungwa, na likikauka huunda ganda jembamba. Faida mbili: upepo wa kichomeo hauli nyuzi, na nyuzi hazidondoki juu ya glezi iliyoyeyuka. Ya pili ndiyo humfurahisha mfinyanzi, maana unywele mmoja kwenye glezi nyeupe hautoki. Bado vyombo vikae sentimita 5 kutoka ukutani.

Puliza mara mbili nyepesi, ukitia tone la rangi ya chakula ili uone pasipofikiwa. Kinachotakiwa ni milimita chache za juu. Ukililowesha blanketi lote, linakuwa zito kwa dari, linapitisha joto zaidi, na likikauka linapasuka kama tope la bwawa. Likaushwe kwa moto mdogo wa saa nzima siku ya kwanza, tundu la moshi likiwa wazi. Kwa wanaoagiza wakiwa Ulaya au Amerika Kaskazini: kigumishi kilichoganda kwa baridi njiani kimeharibika, hakirudi kuwa maji laini hata kikiyeyuka. Kikataeni.

Rangi za kuakisi joto zenye zikonia, zinazopakwa juu ya kigumishi, ni nzuri lakini bei yake kwa joko linalofika 1000 °C ndani ya dakika hamsini hairudi. Zihifadhiwe kwa majoko ya vyombo vya mawe.

Vumbi, na kukaza tena

Wakati wa kukata na kutoboa vaa barakoa ya FFP3 au P100, miwani, glavu na mikono mirefu. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Fanyia kazi nje, nguo zifuliwe peke yake, na sakafu isifagiwe bali ipigwe kitambaa cha maji. Kulibomoa joko kuukuu ni hatari kuliko kulijenga: blanketi la alumina na silika lililokaa kwenye joto kali hubadilika sehemu kuwa kristobalaiti, aina ya silika ya fuwele, na silika hiyo iko katika kundi la kwanza la IARC, la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Lilowanishe kwa maji kabla ya kugusa chochote, na weka vipande kwenye mfuko wa plastiki vikiwa bado na maji.

Baada ya kuchoma mara tatu, pipa likiwa baridi, pitia kila kifungo kwa kidole. Kinachocheza kikazwe kwa nje nusu mzunguko, si zaidi. Mkia wa nje wa Kanthal bado ni laini kwa sababu haukupata moto, lakini kona iliyo chini ya kifungo imeshakauka, na mzunguko mzima huivunja. Ufa kwenye maungio usijazwe gundi. Kata kamba ya blanketi yenye unene mara mbili ya ufa, isukume kwa kijiti cha mwanzi, na upulize kigumishi juu. Kifungo kilichopasuka katikati kiondolewe siku hiyohiyo, kipya kiingie kwenye matundu yaleyale kwa waya mpya. Vile vifungo nane vya ziada vikae kwenye kopo karibu na mtungi wa gesi, si kabatini.